Fikra Isiyofika Mwisho

Wasiwasi ni hali ya mtu kuliwaza jambo ambalo bado halijatokea, akaliwaza tena na tena, bila kufikia uamuzi wala tendo. Tahadhari nayo huitazama kesho, lakini yenyewe ina mwisho. Mvuvi wa Matema, kwenye Ziwa Nyasa, anayetoka nje jioni kuangalia mawingu juu ya milima ya Livingstone anataka kujua jambo moja tu: atoe mtumbwi au auache ufukweni. Akishaamua, kuwaza kumekwisha. Mwenye wasiwasi huangalia mawingu yale yale, akaamua kubaki, akajilaza, kisha akaanza kuwafikiria wenzake waliokwenda, deni la nyavu, ada ya mtoto, na kama upepo wa kesho utakuwa kama wa leo. Usiku wa manane bado yu macho, na katika hayo yote hakuna hata moja alilolipatia jibu. Watu hawa wawili huenda wana shida zinazolingana kabisa. Kinachowatenga ni kwamba fikra ya wa kwanza ilifika mahali ikakoma, na ya wa pili haikukoma.

Dini na falsafa zimelishughulikia jambo hili kwa muda mrefu kwa sababu linagusa maswali yake makubwa: binadamu ana mamlaka gani juu ya kesho, anamtegemea nani, na je, hofu yake ni dhambi, ni maradhi, au ni jibu la haki kwa maisha magumu? Kaskazini mwa Ziwa Nyasa, kwenye tambarare ya Kyela, maswali hayo yamejibiwa kwa njia kadhaa ndani ya muda wa karne moja na nusu hivi, na majibu hayo yanafaa kutazamwa pamoja, maana yanakubaliana kuliko wanavyodhani walioyatoa.

Kyela ni nchi yenye rutuba ambayo hata hivyo haimpi mtu usingizi wa bure. Ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe hushuka kutoka milimani ikipita katika tambarare iliyo juu kidogo tu ya usawa wa ziwa, na mvua za masika zikizidi, mashamba ya mpunga hufunikwa na baadhi ya nyumba huingiliwa na maji. Ziwani, upepo wa mwera unaovuma kutoka kusini wakati wa kipupwe huinua mawimbi ambayo mtumbwi mdogo hauwezi kushindana nayo. Hizi ni hofu za zamani, na watu wamezizoea kwa kiasi fulani, kwa sababu zina majira: zinakuja, zinapita.

Hofu mpya hazina majira. Kakao ndilo zao la fedha la Kyela, na bei yake hupangwa katika masoko ya London na New York. Mwaka 2024 tani moja ya kakao ilipita dola 10,000 za Marekani katika masoko hayo, bei ambayo haikuwahi kuonekana kabla, na mwaka 2025 ikashuka sana. Mkulima wa Ipinda hakufanya lolote kuipandisha na hakuna alilofanya likaishusha. Lakini ada, mkopo wa kikundi na paa la nyumba vimefungwa kwenye bei hiyo. Mwaka 2012 uliingia wasiwasi wa aina nyingine, pale mzozo wa Tanzania na Malawi juu ya mpaka wa ziwa, wenye chanzo katika mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890, ulipopamba moto kwa sababu ya utafutaji wa mafuta. Vijijini ufukweni maneno ya vita yalivuma. Suala likapelekwa kwa viongozi wastaafu wa Afrika chini ya Joaquim Chissano, vita haikutokea, na watu waliokuwa wamepoteza usingizi hawakurudishiwa usiku ule.

Mwanafalsafa na mwanatheolojia Mkenya, John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alidai kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati ujao wa mbali karibu haupo. Alitumia maneno ya Kiswahili, sasa na zamani, kueleza kuwa wakati ni matukio, na lisilotukia bado halijawa wakati. Wengine walimpinga, akiwemo Mghana Kwame Gyekye, na pingamizi lina uzito: mtu anayepanda mchikichi au mkakao na kungoja miaka kadhaa hadi matunda anaijua kesho vizuri sana. Hata hivyo dai la Mbiti lina punje ya ukweli ambayo mjadala huo mara nyingi umeipita. Kesho ya mkulima wa zamani ilikuwa na umbo: mvua, kupanda, kuvuna, ndoa, mazishi. Kesho ya leo ni ndefu na haina umbo, imejaa tarehe za kulipa na bei zisizojulikana, na akili inayoingia humo haikuti kituo cha kupumzikia. Wasiwasi wa kudumu huota hapo.

Lingekuwa kosa, hata hivyo, kuwaza kwamba wazee wa Kyela waliishi bila wasiwasi. Godfrey Wilson na mkewe Monica, wanaanthropolojia waliokaa kwa Wanyakyusa, wenyeji wa nchi hii, kati ya 1934 na 1938, waliandika habari za jamii iliyoichukulia hali ya moyo kuwa jambo zito kabisa. Katika itikadi waliyoikuta, hasira iliyofichwa ilikuwa na nguvu ya kudhuru. Baba aliyemnung'unikia mwanawe kimoyomoyo aliweza kumletea maradhi. Majirani waliomchukia mtu kwa haki, kwa sababu amewakosea wazazi au amekula peke yake, waliweza kumletea baridi mwilini kwa kile kilichoitwa pumzi ya watu. Dawa haikuwa kuisahau hasira. Dawa ilikuwa kuitoa nje kwa maneno, mbele ya wahusika, kukiri kwamba ilikuwepo, ndipo yafuate maji yaliyopulizwa kutoka kinywani kama alama ya moyo uliotakata. Hata matambiko makubwa ya nchi, ya Lwembe, mtawala wa kiibada wa kule Lubaga, yalitarajiwa kushindwa ikiwa wakuu walioyafanya wangekuja na kinyongo ambacho hawajakisema.

Itikadi hiyo inaweza kusomwa kama habari za uchawi na ikaishia hapo. Inastahili kusomwa pia kama nadharia ya nafsi. Inadai kwamba jambo lililomo moyoni halikai kimya: lisiposemwa hufanya kazi humo humo, na kazi yake ni mbaya. Inadai vilevile kwamba kusema peke yake hakutoshi, kwa kuwa mtu anaweza kujisemea chumbani usiku kucha. Sharti awepo msikilizaji, iwepo saa, liwepo tendo la mwisho linaloonyesha kwamba shauri limekwisha. Aliyeliweka jambo lake wazi akapuliza maji hakuruhusiwa na desturi kulirudia kesho yake kana kwamba halikusemwa.

Mazishi yao yanaonyesha wazo hilo kwa ukali zaidi. Msiba ulikuwa na ngoma, wanaume wakicheza na mikuki, vumbi likitimka, na kilio cha wanawake hakikuzuiwa. Katika tambiko lililofuata la kuwatenga wafiwa na marehemu, wafiwa walifagiliwa takataka juu yao. Maelezo aliyopewa Monica Wilson yalikuwa kwamba uchafu ule ni uchafu wa mauti, na ni afadhali uje sasa, siku ya tambiko, kuliko kuja baadaye kwa sura ya wazimu. Mfiwa aliyekwepa tambiko alihesabiwa kuwa hatarini kurukwa na akili. Ni vigumu kupata mahali pengine ambapo hoja hii imeelezwa kwa matendo ya wazi kiasi hiki: lile linaloogopwa kuliko yote liendewe mara moja, kwa saa iliyopangwa, mbele ya jamaa, kisha watu wakaoge.

Wastoa, wanafalsafa wa Roma, nao walifundisha zoezi linalofanana na hilo. Seneca aliwashauri wasomaji wake watangulie kuyawaza mabaya, ufukara, uhamisho, kifo, ili yasije yakawakuta ghafla. Zoezi hilo limeleta mashaka kwa haki, kwa sababu mtu mwenye wasiwasi tayari anafanya hivyo kutwa kucha na halimsaidii. Tambiko la Wanyakyusa linasaidia kuona kilichokosekana. Kuwaza ubaya kunaponya pale tu kunapokuwa na mipaka; kukikosa mipaka ndiyo maradhi yenyewe. Mstoa alikuwa na daftari lake na saa yake ya jioni. Anayegeuka-geuka kitandani hana.

Kuna nguzo nyingine ya fikra za Kinyakyusa ambayo Monica Wilson aliiona kuwa na uzito hata akaipa nafasi katika jina la kitabu chake cha mwaka 1951: ukwangala, yaani kukaa na wenzako kwa furaha, mkila, mkinywa, mkizungumza. Wavulana wa umri wa miaka kumi hivi walitoka nyumbani kwa wazazi, wakajenga vibanda vyao pembeni, na kadiri walivyokua kijiji hicho cha rika kikawa kijiji chao cha maisha. Ilisemwa kwamba hekima hupatikana katika mazungumzo ya rika, na mtu anayetembea na kula peke yake alitiliwa shaka. Kwa suala la wasiwasi, desturi hiyo ilikuwa na faida ambayo haikuhitaji kuelezwa: hakukuwa na jioni ndefu ya mtu na mawazo yake. Fikra iliyoanza kujizungusha ilikatizwa na swali la jirani, au na kicheko, kabla haijaota mizizi.

Lakini ukwangala ulikuwa na upande wake mchungu, na wanaosifu ujima wa zamani huupita haraka mno. Jirani yule yule aliyekatiza wasiwasi ndiye aliyeuzalisha. Pumzi ya watu ilimaanisha kwamba mtu aliishi chini ya macho ya wenzake. Kijijini waliaminika kuwemo walinzi waliowaona wachawi ndotoni na kupigana nao usiku, na kila ugonjwa ulifungua uchunguzi wa nani amemkasirikia nani. Mawazo ya kupita kiasi ya mtu wa Kyela hata leo mara nyingi hayahusu mvua wala bei. Yanahusu watu: aliyepita bila kusalimia, shemeji aliyenyamaza kwenye kikao, mwana kikundi anayenong'ona juu ya marejesho. Kwa hiyo kusema kwamba jamii ni dawa ya wasiwasi ni kusema nusu ya jambo. Dawa ni ile sehemu ya jamii ambamo neno linaweza kutolewa wazi na likajibiwa. Jamii ya minong'ono humzidishia mgonjwa ugonjwa.

Ukristo ulifika katika nchi hii mwaka 1891, Walutheri wa Misheni ya Berlin wakiongozwa na Alexander Merensky na Wamoravian wakianzia Rungwe, na baada ya miaka michache ulikuwa umeshuka hadi Ipyana, tambarare ya Kyela. Jina la Kyala, ambaye katika masimulizi ya zamani alikuwa na makao yake kwenye pango la Pali-Kyala, karibu na Ikombe ufukweni, likawa jina la Mungu wa Biblia. Pamoja na jina hilo yalikuja mafundisho ya Yesu katika sura ya sita ya Injili ya Mathayo, yanayowataka wanafunzi wasijisumbue kwa ajili ya chakula na mavazi, wawatazame ndege na maua ya kondeni, na kuiachia kesho mashaka yake.

Fundisho hilo limetumiwa vibaya mara nyingi, na kosa kubwa zaidi ni kulifanya sheria: mwenye wasiwasi hana imani. Mtu aliyekwisha kukosa usingizi kwa sababu ya deni huambiwa sasa kwamba kukosa usingizi kwenyewe ni dhambi, au ni pepo, na hivyo anarudi nyumbani na mambo mawili ya kuwaza badala ya moja. Maandiko yenyewe hayaruhusu usomaji huo. Yesu yule yule, katika bustani ya Gethsemane, alihuzunika hadi jasho lake likawa kama matone ya damu kwa maneno ya Luka, na alichofanya kilikuwa kuwaita rafiki watatu wakeshe naye na kuomba ombi lile lile mara tatu, kisha akainuka. Zaburi ya 88 ni malalamiko tangu mwanzo hadi mwisho na hata hivyo imo ndani ya kitabu cha sala. Imani katika vitabu hivi inampa mwenye hofu anwani ya kuipeleka hofu yake, bila kumdai kwanza aache kuogopa. Na neno juu ya ndege halimkatazi mkulima kulima, kwa kuwa ndege nao hushinda wakitafuta. Linamkataza kulima leo shamba la kesho.

Wamoravian walikuwa na historia yao wenyewe juu ya jambo hili. Tarehe 25 Januari 1736, katika meli iliyokuwa ikivuka Atlantiki kwenda Georgia, dhoruba ililipasua tanga kuu na maji yakafunika sitaha. Abiria Waingereza walipiga mayowe. Kundi la Wamoravian wa Kijerumani, waliokuwa katikati ya ibada, liliendelea kuimba zaburi hadi mwisho. John Wesley, mchungaji kijana aliyekuwa ndani ya meli hiyo, aliwauliza baadaye kama hawakuogopa, akajibiwa kwamba hata wanawake na watoto wao hawaogopi kufa. Tukio hilo lilimsumbua miaka miwili mizima, na ni moja ya mambo yaliyomfikisha kwenye mageuzi yaliyozaa Umethodisti. Wesley aliona utulivu wa nafsi moja moja. Kinachoonekana zaidi katika maelezo yake mwenyewe, hata hivyo, ni kwamba watu wale walikuwa wameshikamana katika tendo lenye mwanzo na mwisho, wimbo, wakati kila abiria mwingine alikuwa peke yake na wimbi.

Kanisa hilo hilo lina desturi nyingine, ya upole zaidi, iliyoendelea tangu toleo la kwanza la mwaka 1731 kule Herrnhut, Ujerumani: kitabu cha maneno ya kila siku, ambamo aya ya Agano la Kale hupatikana kwa kura kwa kila siku ya mwaka na kuambatanishwa na aya ya Agano Jipya. Kitabu hiki hutafsiriwa katika lugha nyingi. Thamani yake kwa mtu mwenye mawazo mengi haitokani sana na uzuri wa aya. Inatokana na kwamba siku moja hupewa neno moja, nalo linatosha kwa siku hiyo. Msomaji haruhusiwi kuchagua, na ya kesho itasomwa kesho.

Waislamu si wengi Kyela, lakini mafundisho yao juu ya jambo hili yanajulikana kote palipo na Kiswahili. Katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, bedui alimuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Mungu, akaambiwa amfunge kisha ategemee. Mara nyingi hadithi hii hutajwa kuwahimiza wavivu, lakini ina faida kubwa zaidi kwa wasio wavivu hata kidogo. Inasema kwamba kamba ikishafungwa, kazi ya mtu imekwisha. Sala ya istikhara inafuata mkondo huo huo kwa mtu anayeshindwa kuamua: rakaa mbili, dua, kisha hatua. Haimwahidi mwombaji ndoto wala ishara. Inampa kibali cha kuacha kupima na kuanza kwenda.

Msomi Mwislamu aliyeyachambua mawazo ya kujirudia kwa karibu zaidi ni Abu Zayd al-Balkhi, aliyezaliwa katika Afghanistan ya leo na kufariki mwaka 934. Katika kitabu chake juu ya siha ya mwili na ya nafsi aliyapa mawazo haya sura yake peke yake, akiyatofautisha na huzuni na hasira, na kati ya mashauri yake kuna hili: anayesumbuliwa nayo ajiepushe na upweke, kwa kuwa akili isiyo na mtu wa kuzungumza naye wala kazi ya kufanya huyageukia mazimwi yake. Al-Balkhi hakuwahi kusikia habari za ukwangala, na wazee wa Kinyakyusa hawakuwahi kusikia habari zake. Kukubaliana kwao hakutokani na kuigana.

Epiktetus, Mstoa aliyezaliwa mtumwa katika nchi ambayo leo ni Uturuki na baadaye kuwa mwalimu wa falsafa, aliyagawa mambo yote mafungu mawili: yaliyo katika uwezo wa mtu, kama nia na hukumu zake, na yasiyo katika uwezo wake, kama mali, sifa na mwili. Mgawanyo huo una nguvu, na mkulima wa kakao anaweza kuutumia asubuhi hii hii: bei ya London iko upande wa pili, uchachushaji wa mbegu uko upande wa kwanza. Lakini ukichukuliwa peke yake unafanya wasiwasi uwe shauri la mtu na nafsi yake tu, na hapo unawapunja maskini. Kati ya yaliyo katika uwezo wa mmoja na yasiyo katika uwezo wa yeyote kuna fungu la tatu, kubwa sana Kyela: yaliyo katika uwezo wa wengi wakishikana.

Kakao yenyewe inaonyesha hivyo. Tunda likishapasuliwa, mbegu zenye utando mweupe wa utelezi hufunikwa kwa majani ya migomba au kuwekwa katika masanduku, huachwa zichachuke karibu siku sita huku zikigeuzwa, kisha huanikwa juani siku kadhaa zaidi. Siku hizo zote ni za wasiwasi: mvua inaweza kunyesha juu ya mkeka, mwizi anaweza kupita, mtoto anaweza kuugua kabla mzigo haujafika mnadani. Ndipo hutokea mnunuzi wa magendo wa njuluku, kama inavyoitwa kakao mbichi isiyochachushwa, na fedha taslimu mkononi, kwa bei ya chini sana. Anayeuza si mjinga. Hesabu anaijua. Anauza kwa sababu hawezi kuvumilia siku kumi zaidi za kutojua, na hiyo ndiyo gharama ya wasiwasi ikiandikwa kwa shilingi. Kumhubiria mtu huyu utulivu wa moyo bila kumpa ghala salama, mzani wa kweli na mkopo mdogo wa kumvusha ni kumwachia mzigo ambao hakuutengeneza peke yake. Chama cha ushirika kinachoaminika, kadi ya bima ya afya na tuta la mto lililotunzwa ni majibu ya wasiwasi kwa maana kamili ya neno, na theolojia yoyote inayoyadharau haijasoma vizuri hadithi ya ngamia.

Bado inabaki sehemu ambayo hakuna ghala litakaloiondoa, kwa sababu binadamu atakufa na anajua. Kwa sehemu hiyo mbinu za wanasaikolojia wa siku hizi zimerudi, kwa njia ya majaribio, karibu na pale walipokuwa wazee. Thomas Borkovec na wenzake walichapisha nchini Marekani mwaka 1983 mbinu ya kumpangia mtu nusu saa ya wasiwasi, saa ile ile na mahali pale pale kila siku. Wazo likija asubuhi, halifukuzwi. Linaambiwa lingoje saa yake. Kufukuza wazo hulipa nguvu, kama ajuavyo yeyote aliyejaribu kujilazimisha asiwaze. Kulipangia saa hulifanya mgeni anayepokelewa akaagwa, na mengi kati ya mawazo hayo, saa yake ikifika, hukutwa hayana tena la kusema. Kuandika nako kunasaidia kwa sababu iyo hiyo: karatasi ina ukingo. Jambo lililoandikwa kwa sentensi tatu, kinachoogopwa, kinachowezekana kufanyika kesho asubuhi, na atakayeambiwa, tayari limepoteza sehemu ya ukubwa wake.

Katika Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wanaosumbuliwa na kile ambacho watu wa huko hukieleza kuwa ni kuwaza kupita kiasi. Bibi hatoi mahubiri. Anasikiliza, anamsaidia mtu achague tatizo moja kati ya mengi, wanatafuta pamoja hatua moja inayowezekana, kisha mtu anarudi wiki nyingine kueleza ilivyokwenda. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba waliopita kwenye benchi walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida, na utaratibu huo ukafika Malawi na Zanzibar. Kwa mtu wa Kyela kinachovutia ni mpangilio wake: mzee mwenye heshima, saa maalumu, neno lililotolewa wazi, tatizo moja, na kikao kinachofungwa. Makanisa ya pwani ya ziwa yana wazee wa kanisa na vikundi vya akina mama, misikiti ina masheikh, na vikundi vya kuweka na kukopa hukutana kila wiki chini ya mwembe ule ule. Watu na nafasi vipo. Kinachohitajika ni mafunzo mafupi, na ahadi ya siri inayoheshimiwa, kwani bila hiyo benchi hugeuka kuwa chanzo kipya cha minong'ono.

Mwili nao haukosi sehemu yake. Kulima, kupiga makasia, kutwanga na kutembea hadi sokoni huchosha misuli ambayo wasiwasi umeikaza. Kahawa na chai kali jioni, pombe inayotumiwa kama dawa ya usingizi, na simu inayoangaza usoni hadi saa saba usiku hufanya kinyume. Pombe hudanganya kuliko vyote: humlaza mtu mapema na kumwamsha alfajiri, moyo ukimdunda, akiwa na hofu zile zile na nguvu pungufu ya kuzikabili.

Upo mpaka ambao ukivukwa ushauri wa wazee, sala na benchi havitoshi peke yake. Madaktari huhesabu kuwa ni maradhi ya wasiwasi pale mtu anapokuwa na hofu nyingi asizoweza kuzizuia, karibu kila siku, kwa miezi sita au zaidi, zikiambatana na dalili kama kukosa usingizi, uchovu, misuli kukaza, hasira za haraka na kushindwa kutuliza akili, hadi kazi na maisha ya nyumbani vinaharibika. Mapigo ya moyo kwenda mbio na kupungukiwa pumzi kunaweza pia kutokana na tezi, upungufu wa damu au ugonjwa wa moyo, hivyo vipimo hutangulia. Hospitali ya wilaya ndiyo pa kuanzia, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya hupokea wanaohitaji uchunguzi zaidi. Matibabu yanayofanya kazi yapo, ya mazungumzo na ya vidonge, na anayeyatumia hajaacha kumtegemea Mungu wake. Mtu anayesema amechoka kuishi, hata kama anasema kwa sauti ya kawaida kabisa akipepeta mchele, asiachwe peke yake siku hiyo, na apelekwe hospitali pamoja na ndugu atakayekaa naye hadi daktari aseme vinginevyo.